Maji ya Mgeni

Wiki iliyopita fundi Zainabu, aliyepokea spana yangu nilipostaafu, alikuja nyumbani, akaketi kwenye mkeka, akamwamkia mke wangu Mama Asumini, akaniamkia na mimi. Nikaitikia marahaba huku moyoni nikijua kuna jambo. Mtu wa maji hamtembelei mstaafu wa maji kwa mapenzi. Kumbe kuna mgeni mkubwa anakuja kijijini Alhamisi, na vijana wa mradi wanataka kujua enzi zetu tulikuwa tunafunga koki kuu siku ngapi kabla mgeni hajafika.

"Wakubwa wamesema wewe ndiye unayejua, baba," akasema.

Ni kweli najua. Lakini jibu lenyewe ni refu, na siku ile mimi nilikuwa na uvivu na yeye alikuwa na haraka. Kwa hiyo nawaandikia, wewe Zainabu na wenzako wote wa tangi la Mtalanje, na mkisoma msicheke kabla ya pale pa kuchekea. Kuhusu vyeo vyangu kazini: sikupata. Kuhusu mshahara: mnaujua, ndio huohuo wenu. Tuendelee.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakikumtisha mtu. Wenzangu niliosoma nao walikwenda Mtwara, wengine Dar es Salaam. Mimi niliwahi kulala Masasi usiku mmoja tu, kwa kukosa gari la kunirudisha Newala, nikaamka na homa. Nikasema basi, huu mwili ni wa nyumbani. Kwa hiyo nilipoambiwa kuna nafasi ya kufungua na kufunga maji hapa kijijini, hatua mia tatu kutoka mlango wa mama yangu, niliikimbilia kama vile nimeitwa Ulaya.

Aliyenipokea ni Fundi Bakari, mtu mfupi mwenye kofia ya kitambaa ambayo naamini alioga nayo. Siku ya kwanza hakunipa kazi. Alinichukua hadi kwenye chemba ya koki kuu chini ya tangi, akaweka kichwa cha spana juu ya bomba, akaniambia nilaze sikio kwenye mpini.

"Unasikia nini?"

"Kama mbu."

"Likiimba kama mbu, maji yanatembea. Likikohoa, huo ni upepo, usimwahidi mtu chochote. Likinyamaza kabisa, jifiche, akinamama wanakuja."

Hilo ndilo somo langu kubwa katika kazi hii. Mengine alinifundisha polepole: namna ya kukata mpira wa tairi bovu kuziba flanji ya maungio ya bomba inayovuja, namna ya kusoma kamba ya boya nje ya tangi bila kupanda ngazi, na namna ya kuomba chuma kizuri kwenye karakana ya misheni kule Ndanda kwa kwenda asubuhi na kusalimia vizuri. Maji yetu, kwa msiozaliwa huku, hayapo huku. Yapo bondeni. Sisi wa juu tunakaa kwenye ardhi nzuri ya mikorosho ambayo haina hata kijito, na maji yanapandishwa kwa mashine ya dizeli hadi kwenye tangi letu, kisha tunayagawa kwa zamu vijiji vinne, kila kijiji mara mbili kwa wiki, mashine ikiwa na afya. Isipokuwa na afya, akinamama wanashuka bondeni na ndoo. Kushuka ni saa moja. Kupanda sitaji, kwa sababu mimi wakati huo sikuwahi kupanda na ndoo.

Somo la mwisho la Fundi Bakari ndilo lililomleta Zainabu kwangu. Linaitwa maji ya mgeni.

Wakati ule chama kilikuwa kimoja. Kwenye kura ya ubunge unawekewa watu wawili, mmoja ana alama ya jembe na mwingine nyumba, wote wametoka kwenye kikao kilekile. Mbunge wetu, nitamwita Mheshimiwa tu, kwani nasikia hata mkewe alimwita hivyo, aliwahi kuwa jembe, akawahi kuwa nyumba, na mara zote akashinda. Alipokaribia kuja, Katibu wa chama wa kata alipanda hadi kwenye tangi na kumwambia Fundi Bakari, "Mgeni Alhamisi." Fundi aliitikia kwa kichwa, akachukua spana, akafunga koki kuu.

"Siku tatu," akaniambia. "Mbili hazitoshi, mashine yetu haina nguvu. Nne ni nyingi, watu wanakuja na majembe."

Siku ya nne tangi limejaa, boya limepanda ndani hadi alama ya kamba yake huku nje imeshuka chini kabisa ya ubao. Mheshimiwa anafika na Landrova, ngoma zinapigwa, anasogea kwenye bomba la mbele ya ofisi ya tawi, anafungua, maji yanatoka kwa kishindo mpaka yanamrukia suruali. Ananawa. Anakunywa. Watu wanapiga makofi. Kisha anahutubia juu ya maji, anaondoka, na sisi tunakaa wiki nzima bila tone kwa sababu dizeli ya nusu mwezi imekwisha kwa siku tatu za kulijaza tangi. Binti yangu Asumini alipokuwa mdogo aliamini kwamba Mheshimiwa huja na maji yake ndani ya Landrova. Sikumsahihisha. Ningeanzia wapi?

Fundi Bakari alistaafu, akaniachia spana, na mimi nikaendelea kufunga siku tatu kama nilivyofundishwa. Sikujiuliza. Nilikuwa mtu wa kufunga na kufungua, na jioni kurudi kwangu kula.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Mnajua nyie mmezaliwa vitu vikiwepo. Sisi tuliwahi kufulia majani ya mpapai. Ghafla dukani kuna sabuni ya kijani, ya bluu, ya njano, na moja yenye picha ya mwanamke wa kizungu aliyefurahi kupita kiasi. Mitumba ikapanda hadi huku. Wanunuzi wa korosho wakaja na magari yao wenyewe. Halafu redio ikasema vyama sasa ni vingi, na uchaguzi utakuwa wa vyama hivyo. Watu wakasubiri kuona sura mpya. Kikao kikakaa, kikatoka na Mheshimiwa. Katibu alikuwa yuleyule, tangu mimi sijaoa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa shemeji wa Katibu, tangu Katibu hajaoa mke wa pili. Chama kipya nacho kilimleta kijana mmoja mwenye baiskeli na kipaza sauti cha betri kilichozima katikati ya salamu.

Mama Asumini alirudi dukani siku moja akaweka kipande cha sabuni mezani. "Nimekaa dukani saa nzima nachagua," akasema. "Nimenusa zote. Utamu wake huujui wewe. Sabuni nachagua, mbunge naletewa."

Nikacheka. Nilikuwa mcheshi wa bure wakati huo.

Kampeni ilipoanza, ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mabibo yanaanguka, watu wanaokota korosho tangu asubuhi, uraka, pombe ya mabibo hayo, umeanza kutengenezwa, na visima vya maji ya mvua majumbani vimebaki matope. Katibu akapanda hadi kwenye tangi. "Mgeni Alhamisi." Nikachukua spana. Jumatatu nikafunga.

Nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa lilipo, na ni kosa ambalo nadhani ni sisi tu tungeweza kulifanya. Miaka iliyopita watu walivumilia siku tatu. Safari hii hawakuwa na akiba hata ya kuoshea kikombe. Kufika Jumatano jioni kijiji kizima kilikuwa kikavu. Alhamisi alfajiri akinamama wote wa Mtalanje, na wa vijiji vitatu jirani, wakachukua ndoo wakashuka bondeni. Wanaume wenye baiskeli wakafuata na madumu. Mke wangu alikuwa mbele. Mke wa mtu wa maji! Wenzake walimtania njia nzima: "Mama Asumini, wewe nawe? Si ungelala tu na spana?"

Mheshimiwa akafika saa nne. Uwanjani alikuta wazee wawili wenye magoti mabovu, mbuzi watatu, wapiga ngoma wa kukodi kutoka Newala mjini, Katibu, na mimi. Katibu akasema kwa sauti ndogo, "Watakuja." Tukasubiri. Mbuzi mmoja akaondoka. Mwishowe Mheshimiwa, kwa kuwa ni mtu wa ratiba, akasogea kwenye bomba, akafungua. Sijawahi kuona maji mazuri kama yale. Yalitoka meupe, mazito, yanaruka juu, yanatiririka barabarani, na hakuna mtu wa kuyakinga. Mzee mmoja kati ya wale wawili alipiga makofi mara tatu, akaona yuko peke yake, akajikuna.

Landrova iliposhuka kuondoka, ilikutana na akinamama kwenye kona ya mteremko, wanapanda kwa mstari mmoja, ndoo kichwani. Njia pale ni nyembamba, gari ndilo lililopisha. Mheshimiwa akashusha kioo.

"Mmetoka wapi, mama zangu? Nimewakosa mkutanoni."

Aliyejibu ni Bibi Nambole, jirani yetu, mwembamba kama mti wa mhogo, na ndoo yake kichwani hakuishika hata kwa mkono. "Tumetoka kuchota maji, Mheshimiwa. Tulipoona hakuna maji tukajua unakuja."

Hayo nilisimuliwa na mke wangu jioni. Alitua ndoo, akakaa kizingitini, akanyoosha miguu. Nilisubiri amseme Mheshimiwa. Nilikuwa tayari kumuunga mkono, hata sentensi nilikuwa nimeipanga.

"Baba Asumini," akasema, "Mheshimiwa namjua. Kura yangu nimeshaipanga, hiyo haina maneno. Lakini Mheshimiwa hana spana. Nilikuwa napanda kile kilima najiuliza, hivi koki imefungwa na nani? Nikakumbuka ni mtu ninayempikia."

Kuanzia siku ile nikapikiwa ugali bila mboga. Nikiuliza, naambiwa, "Maji ya mboga yako kwenye tangi, Baba Asumini. Kayafuate."

Wiki mbili baadaye Katibu akapanda tena. Mheshimiwa anarudi, mkutano wa kufunga kampeni, na safari hii uwanja lazima ujae. Nikamwambia, kwa adabu, kwamba safari ile watu walikosekana kwa sababu koki ilifungwa. Akaniangalia kama vile nimezungumza Kichina.

"Watu walikosekana kwa sababu hawakuhamasishwa. Wewe funga. Maji yakitoka hafifu mbele ya mgeni, kule bondeni kwenye mashine kuna nafasi. Naambiwa kuna chumba kizuri tu, mbu si wengi."

Alijua anakogusa. Kijiji kizima kilijua kwamba mimi nikilala nje ya kwangu naugua. Nilikuwa na kitanda changu, kuku wangu, mkorosho wangu wa nyuma ya nyumba ambao chini yake nilikuwa na kiti changu. Sikuwahi kutaka kitu kingine. Na sasa ilikuwa ni kufunga koki nikae kwangu, au kuiacha wazi nihame kwangu.

Jumatatu nilikwenda kwenye chemba na spana. Nikaweka kichwa chake juu ya bomba, nikalaza sikio kwenye mpini. Mbu. Nikakaa. Nikasema nitafunga nikimaliza kumwaga jasho. Nikasikiliza tena, mbu yuleyule, anaelekea kwa Bibi Nambole, anaelekea kwangu. Nikarudi nyumbani na spana begani. Jumanne hivyohivyo. Jumatano sikwenda kabisa. Msiite huo ushujaa. Mtu aliyekula ugali mkavu wiki mbili hana pa kuwekea ushujaa. Nilishindwa tu kukaza mkono.

Alhamisi uwanja ulijaa. Akinamama walikuwa wamechota tangu asubuhi, wameoga, wamefua, khanga zinanukia ile sabuni ya mezani kwangu. Katibu alifurahi, akanipiga bega. Maskini, hakuwa amepita kuangalia boya.

Mheshimiwa akasogea kwenye bomba. Akafungua. Bomba likakohoa. Likakohoa tena, refu, kama mvuta kiko. Likatoa tone moja, likafikiri, likatoa la pili. Katibu akanitazama, na mimi nikatazama mbuzi.

Bibi Nambole akasimama. Sasa mnapaswa kujua kwamba Mheshimiwa kwa upande wa baba ni Myao, na Bibi ni Mmakonde aliyemhesabu mtani wake, na mtani akikusema mbele za watu huna ruhusa ya kununa. Hilo hata chama hakijaweza kulibadilisha.

"Mtani wangu," akasema, "usihangaike na hilo bomba. Maji tumeshachota. Leo hatuna haraka, leo tumekuja kukusikiliza. Haya, sema."

Mheshimiwa akafungua karatasi yake. Nilikuwa karibu, niliiona. Ilikuwa inaanza na maji, katikati maji, mwisho maji. Akaikunja.

"Mama zangu," akasema, "mimi na nyie tumetoka mbali..."

"Mbali sana!" Bibi akadakia. "Ulipofungua bomba hilo mara ya kwanza mimi nilikuwa na meno yote. Njooni muangalie sasa." Akafungua kinywa, akageuka huku na huku wote waone. Watu wakacheka mpaka wapiga ngoma wakashika ngoma zao. "Mtani, meno yamekwisha yote, wewe bado unafungua. Huchoki? Nyumbani kwako hakuna kiti?"

Kiti! Nilijisikia vibaya kidogo, maana mtu wa kiti ni mimi.

Mheshimiwa akacheka. Ilibidi. "Nimekosa, mtani. Nitoze faini."

"Pesa zako sitaki. Faini yako ni ndoo moja. Ushuke bondeni kwa miguu, uchote, upande nayo kichwani, uilete kwangu."

"Nitalipa baada ya uchaguzi," akasema Mheshimiwa, na hilo ndilo lililochekesha kuliko yote.

Kura zikapigwa. Kwenye kituo chetu Mheshimiwa alishindwa na kijana wa baiskeli. Wakala wake alihesabu upya mara mbili kwa kutoamini. Lakini jimbo ni kubwa na vikao ni vingi, na jumla yake akashinda, akarudi bungeni, akakaa muhula huo na mwingine. Sitawadanganya kwamba tuliangusha mtu. Katibu naye alibaki Katibu.

Kilichobadilika ni anwani yangu. Barua ilikuja kabla wino wa kura haujatoka kidoleni. Bondeni, kwenye mashine. Chumba kilikuwa na ukubwa wa chemba, na kuhusu mbu Katibu alikuwa amesema uongo. Wiki ya kwanza niliugua kama ilivyotegemewa. Jumamosi nikapanda nyumbani, saa mbili njiani, nikafika nahema, nikitegemea pole.

Mama Asumini akanitazama mikono. "Umetoka kwenye maji, umekuja mikono mitupu?"

Jumamosi iliyofuata nikapanda na ndoo. Ilinimwagikia shingoni, mgongoni, na kwenye viatu, ilifika nusu. Nikaiweka mlangoni kwa majivuno.

"Hiyo si ya hapa," akasema. "Hiyo ni faini ya Bibi Nambole. Mheshimiwa hatakuja, tunajua. Peleka wewe. Siku zile zote alizofungua yeye, aliyefunga ni wewe."

Nikapeleka. Bibi akaipokea, akachungulia ndani, akasema, "Nusu?" Basi nikawa napeleka kila Jumamosi, misimu saba ya korosho, mpaka nikajifunza kupanda bila kumwaga, mpaka Bibi alipofariki, na hata kwenye msiba wake aliyebeba maji nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniagiza. Kisha nikarudishwa juu, kwenye tangi, kwa sababu waliokuja baada yangu walikuwa wanaugua wakilala hapa badala ya mjini.

Kwa hiyo Zainabu, umeuliza siku ngapi. Kwa hesabu ya Fundi Bakari ni tatu. Kwa hesabu niliyojifunza bondeni, weka na wiki moja ya mashine kukosa mafuta baadaye. Kwa hesabu ya miguu, jaribu mwenyewe: chukua ndoo, shuka, panda, halafu ndiyo uende kwenye chemba na spana. Kabla hujakaza, laza sikio.

Mama Asumini ameniuliza naandika nini tangu asubuhi. Nikamsomea. Alisikiliza yote huku anachambua mchicha, na alikubali kwamba sehemu ya ugali mkavu ni kweli, isipokuwa hazikuwa wiki mbili, zilikuwa tatu. Kisha akauliza, "Barua hii inakwenda kwa mgeni?"

"Hapana. Kwa Zainabu."

"Afadhali. Mwambie nina ndoo mbili za kujaza na goti moja tu zima."

Haya, nimekwambia.